Mikono ikikataa kazi

Mwaka jana, siku moja baada ya mvua, watoto wawili wa jirani walitukuta tumekaa mlangoni mwa karakana. Ndani vijana walikuwa wakipiga randa, na sisi tulitazama tu, mikono tumeiweka juu ya magoti kama mzigo wa mtu mwingine. Yule mdogo akatuuliza: "Fundi, mbona watu wanakuita fundi, na wewe hufanyi kitu?" Mkubwa wake akampiga kofi la kichwa, kwa sababu aliona aibu. Tuliwapa ndizi, wakaenda zao. Lakini swali halikuenda pamoja nao. Lilibaki pale mlangoni, na twalikuta kila asubuhi.

Wasomaji wapendwa, swali hilo si la watoto tu. Ni la kila mtu aliyeitwa kwa jina la kazi yake, kisha mwili ukamnyang'anya kazi, jina likabaki. Mwalimu asiyeweza tena kusimama mbele ya ubao, dereva ambaye goti lake halikunjiki, mama ambaye mkono wake umekataa jembe: je, huyo ni nani sasa? Na lile jina la zamani bado ni lake kwa haki, au analishika kama mtu anayeshika mali isiyo yake? Tutajaribu kujibu, si kwa elimu kubwa, ila kwa yale yaliyotupata. Tunasema "sisi" kwa desturi ya kurasa hizi. Lakini mjue kwamba vidole tutakavyovitaja ni kumi tu, na ni vya mtu mmoja.

Tulifundisha useremala miaka 22 katika shule moja ya ufundi, huku milimani juu ya ziwa Kivu. Mtu asiyejua kazi hiyo huona msumeno na nyundo, akadhani ni kazi ya nguvu. Sivyo. Ni kazi ya vidole. Kidole gumba kikipita juu ya ubao wa libuyu huona bonde ambalo jicho halikuliona. Na pale ulimi wa ubao unapoingia katika tundu lake bila msumari, ukasukuma hewa kidogo nje, ukakaa, hapo fundi husikia furaha ambayo hatuwezi kuieleza kwa mtu asiyeionja. Wanafunzi wetu walikuwa wakicheka kwa sababu tulifumba macho tukipapasa mbao. Tuliwaambia: macho hudanganya.

Mwaka 2008 vidole vilianza kuamka nyuma yetu. Sisi tumeamka, vyenyewe bado vimelala. Asubuhi mkono haukufunga; ilipita saa nzima, pengine saa mbili, ndipo ukakubali kushika kikombe. Tukafikiri ni baridi ya milima. Baadaye vifundo vikavimba, mkono wa kuume na wa kushoto sawasawa, kisha vifundo vya miguu. Mke wetu alianza kutufungia vifungo vya shati. Jirani mmoja alisema ni sumu, mwingine alisema ni wivu wa watu, na yupo aliyetuletea majani ya kukanda na mafuta ya nyoka. Tulikanda. Tulipaka. Hakuna aliyetutakia mabaya, lakini miezi ilikuwa ikipita.

Watu wetu wana neno moja, rumatisimu, na chini ya neno hilo huweka maumivu yote ya viungo. Kumbe ni magonjwa mengi. Goti la mzee lililobeba mizigo miaka 60 huchakaa kama bawaba ya mlango. Hilo ni jambo moja. Ugonjwa wetu ni mwingine. Ndani ya kiungo kuna ngozi nyembamba inayotoa maji ya kulainisha. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Basi, kwa sababu ambayo waganga hawajaimaliza kuichunguza, askari hao hugeuka, wakaipiga ngozi ile kana kwamba ni adui. Ngozi huvimba, nayo hula gegedu, kisha hula mfupa. Huwapata wanawake kuliko wanaume, tena si wazee peke yao. Mtu akiona mikono yote miwili imevimba vifundoni, nayo imekakamaa asubuhi zaidi ya saa nzima, wiki hata wiki, asikae nyumbani akingoja jua.

Sisi tulikaa. Tena tulifanya kosa baya zaidi: tulinunua vidonge sokoni bila karatasi ya munganga. Vilikuwa vidogo, bei rahisi. Siku ya tatu maumivu yalikimbia kama mwizi aliyesikia mbwa, nasi tukamsifu yule muuzaji. Baada ya miezi uso ukajaa, mashavu yakawa mviringo, watu wakasema: "Fundi amenenepa, faranga zimeingia." Munganga tuliyemwona mwishowe alipotazama tu uso alijua. Dawa ile ni ya jamii ya kortisoni. Mwaka 1948, huko Rochester katika Marekani, munganga Philip Hench aliwapa kortisoni wagonjwa wa viungo, na waliolala wakasimama. Mwaka 1950 yeye na wenzake wawili wakapewa tuzo la Nobel. Lakini ndipo ilipojulikana kwamba dawa hiyo, ikinywewa muda mrefu bila kiasi, hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari ya damu, hufungulia magonjwa mengine mlango. Na aliyeizoea hawezi kuiacha ghafula bila hatari. Yampasa kuipunguza pole pole kwa agizo la munganga. Ni dawa ya kweli, lakini mkononi mwa mtu asiyeijua ni panga mkononi mwa mtoto.

Tukapewa nyingine, metotreksati, ya kunywa mara moja kwa wiki. Tunarudia: kwa wiki, si kila siku, maana kila siku huua, tena damu hupimwa mara kwa mara. Moto ulitulia. Lakini dawa hiyo huokoa viungo kama ikianza mapema, katika miezi ya kwanza, nasi tulikuwa katika mwaka wa tatu. Kifundo cha mkono wa kuume kilikuwa kimekwisha haribika.

Mwaka 2012 tuliacha shule. Walituaga vizuri, wakaimba, wakatushika mkono mmoja mmoja, tena kwa nguvu, kwa kuonyesha upendo. Tulitoka machozi. Walidhani ni majonzi.

Nyumbani ndipo ugonjwa wa pili ulipoanza. Mke wetu alikuwa akiuza sambaza sokoni. Alitoka gizani, akarudi jioni na harufu ya samaki na faranga kidogo, akatukuta tumekaa pahali pale pale. Hakusema kitu. Ni sisi tuliosema. Tulimkaripia kwa chumvi, kwa moto, kwa mlango uliofungwa vibaya. Wapo Wakristu wanaoandika kwamba maumivu huwafanya watu kuwa wema. Pengine huwafanya wengine. Sisi yalitufanya wakali, na yafaa kusema kweli.

Tena kulikuwa na neno la Mtakatifu Paulo kwa Watesalonike, ambalo ndugu mmoja wa ukoo alilirusha siku ya pombe: habari ya kazi na chakula. Mnalijua. Tulikaa nalo usiku kucha. Kesho yake tukaomba tusomewe sehemu yote, na tazameni: Mtume anamsema mtu anayekataa kazi. Hamsemi mtu aliyekataliwa na kazi. Ndugu yetu alikuwa ameangusha tofauti hiyo njiani, nao wengi huiangusha.

Hata hivyo kujua kwamba huna dhambi si sawa na kujua wewe ni nani. Ndiyo sababu tulianza kutafuta habari za watu waliopatwa na jambo lile lile.

Tulimkuta Christiaan Barnard, yule munganga wa Afrika ya Kusini. Wazee bado wanakumbuka redio ilivyosema: tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, alitoa moyo wa msichana aliyekufa kwa ajali ya motokari, akautia kifuani mwa Louis Washkansky. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kutia moyo wa mtu katika kifua cha mtu mwingine. Mgonjwa aliishi siku 18. Lakini jambo ambalo redio haikulisema ni hili: Barnard alikuwa ameambiwa tangu mwaka 1956, alipokuwa akisoma Marekani, kwamba ana ugonjwa huu huu wa viungo. Mikono iliyoshika moyo ule ilikuwa na miaka 11 ya ugonjwa. Aliendelea mpaka 1983, ndipo vidole vilipomshinda, akaweka kisu chini.

Halafu? Alifanya mambo mema. Mwaka 1984 alitoa kitabu cha kuwafundisha wagonjwa wa viungo namna ya kuishi. Aliandika hadithi, alifuga. Lakini pia alikubali jina lake litumike kuuza mafuta ya uso yaliyosemwa kuwa yanarudisha ujana wa ngozi. Waganga wenzake walikasirika, sifa yake ikaingia doa. Alikufa mwaka 2001, akiwa safarini katika kisiwa cha Kipro.

Hatumhukumu. Twalijua jaribu lile kutoka ndani. Kazi ikiondoka, jina hubaki kama faranga za mwisho katika mfuko, na mtu hutaka kuzitumia. Sisi hatukuwa na jina la kuuza dunia nzima. Tulikuwa na jina la kuuza kilima kimoja, na tuliliuza. Ni hivi.

Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani alifungua karakana karibu na kwetu, akatuomba tukae naye, tumwonyeshe. Ilikuwa neema kubwa. Tulianza tena kunyoa ndevu. Siku moja masista walileta kazi: kabati la kuwekea mavazi ya Missa, milango minne, mbao za libuyu. Tulikaa juu ya gogo na fimbo. Tulionyesha kwa fimbo: hapa punguza, hapa acha. Kijana alikata, akachonga, akaunga, akasugua wiki tano. Sista alipokuja alipita kidole juu ya mlango, akasema: "Fundi, mikono yako haijafa." Nasi tukanyamaza. Tukapokea dola 180 zilizobaki baada ya mbao, tukampa kijana 40. Moyoni tulisema: akili ni yetu, yeye ametoa mikono tu.

Mikono tu! Sisi, tuliokuwa tukilia usiku kwa ajili ya mikono.

Kijana hakuja siku mbili. Jioni ya pili mke wetu, akiwa anachambua sambaza, aliuliza bila kuinua kichwa:
"Baba watoto, lile kabati nani alilichonga?"
"Sisi."
"Wewe na nani?"
Hatukumjibu, tukaenda kulala mapema.

Majuma yale Padri mmoja alituazima kitabu cha picha za Auguste Renoir, mchoraji wa Ufaransa, kwa kuwa alijua tunaumwa namna moja. Renoir alizaliwa mwaka 1841, akaanza akiwa mtoto kuchora maua juu ya sahani za kauri. Karibu na mwaka 1892 viungo vikaanza kumsumbua. Alihamia kusini penye jua, na mwaka 1907 akanunua shamba huko Cagnes. Vidole vikajikunja ndani ya viganja mpaka ikabidi kuvifunga vitambaa, kucha zisitoboe ngozi. Alikaa katika kiti cha magurudumu, mtu akamwekea brashi kati ya vidole, naye akachora. Alichora mpaka alipokufa tarehe 3 Desemba 1919. Watu hupenda kusimulia habari hiyo, na ni kweli inatia moyo, ingawa si kila mgonjwa ana mtu wa kumwekea brashi wala shamba penye jua.

Lakini kitu kilichotupiga hakikuwa hicho. Tangu mwaka 1913 Renoir alifanya pia sanamu. Vidole vile, sanamu? Alipewa kijana mmoja mchongaji, Richard Guino, mzaliwa wa Hispania. Mzee alisema, alionyesha kwa fimbo, kijana alifinyanga. Sanamu ziliuzwa kwa jina la Renoir. Miaka mingi ikapita, Renoir alikwisha kufa zamani, na Guino mwenyewe akawa mzee. Ndipo akadai haki yake mahakamani. Ilionekana kwamba baadhi ya sanamu alizifanya Renoir asipokuwapo. Mwaka 1973, mwaka ule ule Guino aliokufa, mahakama kuu ya Ufaransa ilithibitisha kwamba yeye naye ni mtunzi wa sanamu zile, si chombo cha kazi.

Tulifunga kitabu. Fimbo yetu ilikuwa imeegemea ukuta, tukaiona kama shahidi.

Tunaamini mtu aliyepoteza mikono ana haki ya kuomba mikono ya wengine. Tena ni wajibu wa jamaa na Wakristu wenzake kumpa, bila kumhesabia. Ujuzi wake ukikaa bila kutoka, ni mali iliyozikwa. Lakini mikono aliyoiazima ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina, ana mke anayengoja unga. Mgonjwa huona upesi dhambi wanazomtendea wazima. Zake mwenyewe hazioni, kwa kuwa kila mtu anamhurumia, na huruma ni blanketi linalofunika mengi.

Jumapili tulikwenda nyumbani kwa kijana. Ni dakika kumi kwa mtu mzima. Sisi ilitupasa kupumzika mara tatu. Tulimpeleka dola 30. Hazikutimiza haki yake, nyingine tulikwisha kuzila, na tulimwambia hivyo. Alizipokea kwa mikono miwili, akakaa kimya, kisha akasema: "Mwalimu, faranga si neno. Ila Sista hajui jina langu." Basi Jumatatu tulikwenda kwa masista. Tumewahi kuungama kwa padri mara nyingi. Kuungama kwa mteja ni kugumu zaidi. Sista alisikiliza, akacheka kidogo, akamtuma kijana palepale kutengeneza madawati.

Tangu siku hiyo tuna desturi. Chini ya kila kitu kinachotoka karakanani, pahali pasipoonekana, twaandika kwa kalamu ya risasi: nani amechonga, nani ameonyesha. Majina mawili, pengine matatu. Wateja wengi hawajui.

Hapo twamkumbuka Baba Mtakatifu Fransisko. Alipaswa kuja Kongo mwezi wa Julai 2022, tena afike Goma, jirani yetu. Tulikuwa tumekwisha jiandaa. Goti lake likazuia. Alipokuja Kinshasa tarehe 31 Januari 2023 hakufika mashariki, kwa sababu ya vita, lakini watu wa mashariki walioteswa walikwenda kumwona huko, wakamweleza. Tulimwona katika televisheni akisukumwa katika kiti. Mke wetu alitugusa bega. Tulikuwa tumekataa miaka miwili kuketi katika kiti cha namna hiyo siku za maumivu makubwa, kwa kuogopa macho ya watu kanisani. Twamwona mtu aliyesukumwa mbele ya halaiki, naye hakuficha kiti wala kukisifu, alikitumia tu. Jumapili iliyofuata tulikubali mtoto wetu atusukume. Barabara ni mbaya, tulirukaruka kama viazi. Lakini tulifika kabla ya Injili, jambo ambalo halikutokea tangu zamani.

Mwajua kwamba si yote yamejengwa upya. Furaha ile ya ulimi kuingia katika tundu haijarudi, na haitarudi. Kuonyesha si kuchonga. Siku nyingine tunaposikia randa ikiimba vizuri katika mkono wa kijana, kitu kama wivu hupanda kooni, nasi hujifanya kukohoa. Hatujui kama Mungu atatudai juu ya wivu huo. Twadhani analijua libuyu kuliko sisi.

Na ninyi mlio wazima, tunawaomba machache. Msitushike mkono kwa nguvu. Gusa kiwiko, yatosha. Msitunyang'anye kikombe kabla hatujashindwa kukishika. Mkija kututazama, msilete maji ya ndizi peke yake na kuuliza tumelalaje. Leteni pia swali, mlango unaokwama, paa linalovuja, jambo ambalo jibu lake mnalihitaji kweli. Mgonjwa huitambua upesi ziara ya huruma na ziara ya haja. Zote mbili ni njema, lakini kwa ile ya pili huvaa viatu.

Yule mtoto mdogo alirudi mwezi uliopita. Kulikuwa na meza imesimama uani, ikingoja mwenyewe. Tukamwambia aingie chini yake atazame juu. Alilala chali katika vumbi la mbao, akasoma kwa sauti, silabi moja moja, jina la kijana, kisha jina letu. Alikaa kimya kidogo. Akatoka na vumbi kichwani, akauliza kama ndizi zipo.